Kushusha Bawa Katika Hewa Nyepesi

Anayetaka kuhama kutoka ndege ya rimoti ya mafunzo, ile yenye bawa juu ya kiwiliwili, kwenda kwenye ndege yenye bawa chini ya tumbo, hukutana na ushauri unaogongana. Video za mtandaoni zinamwambia anunue modeli ya ndege ya kivita yenye jairo, kifaa kinachohisi kuyumba kwa ndege na kuirekebisha, maana jairo itamsaidia. Wakongwe wa mchezo wanamwambia abaki na ndege ya mafunzo mpaka aichoke. Wengine wanamtajia ndege ya katikati kwa jina la bidhaa, na baadhi ya bidhaa hizo hazipo tena sokoni: Hobbico, kampuni ya Marekani iliyomiliki majina makubwa ya mchezo huu, ilifilisika Januari 2018, sehemu kubwa ya mali zake ikaenda kwa mshindani wake Horizon Hobby.

Kwa mtu aliyeko Mbeya au Iringa kuna jambo ambalo washauri hao karibu wote hawaligusi. Wanazungumzia hewa ya usawa wa bahari na viwanja vya nyasi zilizofyekwa kwa mashine. Yeye anarusha kwenye nyanda zenye mwinuko wa mita 1,500 na kuzidi, kwenye uwanja wa mpira wa shule, na ndege ikianguka vipuri viko mbali. Sevo, ile mota ndogo inayosogeza usukani wa ndege, ikivunjika huagizwa nje, ikasubiriwa Dar es Salaam, kisha ikapanda basi kilomita 500 hivi kufika Iringa, au zaidi ya 800 kufika Mbeya. Anguko moja baya linaweza kumaliza msimu mzima wa kiangazi. Ndiyo maana inafaa kuuliza upya: ni nini hasa kinachobadilika bawa linaposhushwa, na huku kwetu kinabadilika kwa kiasi gani?

Bawa lenyewe halina kosa

Maelezo yaliyozoeleka yanasema ndege ya bawa la juu ni tulivu kwa sababu uzito wake unaning'inia chini ya bawa, hivyo hujirudisha yenyewe. Yanaingia akilini, lakini si sahihi. Ndege ikilala ubavu, kani ya kuinua hulala pamoja na bawa na kuendelea kupita kwenye kitovu cha uzito, kwa hiyo uzito hauna namna ya kuivuta irudi. Kinachoirudisha ni hewa. Ndege iliyolala huanza kuteleza kuelekea upande ulioshuka, na hewa ya upande huo huja kuupiga ubavu wa kiwiliwili. Hapo hugawanyika: nyingine hupanda, nyingine hushuka. Bawa lililo juu hukutana na ile inayopanda, likanyanyuliwa, ndege ikanyooka. Bawa lililo chini hukutana na ile inayoshuka, likazidi kukandamizwa.

Dawa yake inajulikana tangu zamani, nayo ni kuinua ncha za mabawa ili ndege ikitazamwa kwa mbele ionekane kama V pana. Ndege halisi zinalionyesha hilo wazi. Cessna 172, yenye bawa la juu, imeinuliwa mabawa chini kidogo ya digrii 2. Piper Cherokee, yenye bawa la chini, imeinuliwa digrii 7. Zote mbili zimefundisha wanafunzi kwa miongo mingi, na hakuna anayeiita Cherokee ndege kali.

Ukali unaotisha wanaoanza unatoka kwingine. Mbuni wa modeli anaposhusha bawa, mara nyingi hubadilisha na mambo mengine papo hapo. Hupunguza ule mwinuko wa ncha ili ndege ibingirike kirahisi. Huondoa bawa lenye tumbo bapa na kuweka lenye umbo linalolingana juu na chini, ambalo linaruka kichwa chini bila shida lakini linainua kidogo kuliko kile ambacho jicho la mwanafunzi limezoea katika mwendo wa polepole. Na hupunguza eneo la bawa.

Hilo la mwisho ndilo zito. Tuchukue ndege mbili za kampuni ya Sig ya Marekani zilizotumiwa na wengi kama ngazi ya kwanza na ya pili. Kadet LT-40, ya bawa la juu, ina bawa la mita 1.78 lenye eneo la takriban mita mraba 0.58, na uzito wake ni kama kilo 2.4. Four Star 40, ya bawa la chini, ina eneo la mita mraba 0.39 na uzito wa kilo 2.1 hivi. Ya kwanza kila mita mraba ya bawa inabeba kilo 4.1, ya pili kilo 5.4. Ongezeko hilo la karibu thuluthi moja lingemsumbua rubani hata kama bawa lingebaki juu.

Hewa ya Mbeya na hewa ya Dar es Salaam

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa kama mita 1,550. Iringa iko chini kidogo lakini mchana wake una joto zaidi, na joto nalo huipunguza hewa uzito, kwa hiyo miji hii miwili inatoka karibu sare. Ukiweka nyuzi 22 Mbeya, 25 Iringa na 30 Dar es Salaam, hesabu inaonyesha hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban sehemu moja ya sita.

Bawa linajali hilo moja kwa moja. Ili kubeba uzito uleule katika hewa nyepesi, lazima liende mbio zaidi, kwa karibu asilimia 9. Peke yake asilimia 9 si kitu cha kutisha. Ubaya ni kwamba inajumlishwa na mzigo mkubwa wa bawa. Kwa makadirio ya kawaida ya uwezo wa mabawa ya aina hizo, ndege ya mafunzo niliyoitaja inaishiwa nguvu ya kujibeba kwenye kilomita 26 kwa saa ikiwa Dar, na kilomita 29 ikiwa Mbeya. Ile ya bawa la chini ni kilomita 33 Dar na 36 Mbeya. Anayetazama video ya mtu akitua polepole na ndege ya mafunzo kando ya bahari, kisha akaenda kutua na ndege ya bawa la chini pale Uyole, Mbeya, anahitaji kasi kubwa zaidi kwa karibu asilimia 40. Nguvu ya kishindo hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ardhi itaipokea ndege hiyo kwa kishindo kikubwa zaidi kwa kama thuluthi mbili, hata ukihesabu kwamba uzito wake ni mdogo kidogo.

Rubani wa ardhini hana kipima kasi. Anatumia macho, na macho yanapima mwendo juu ya ardhi. Ndege inayoonekana kwenda “kama kawaida” inaweza kuwa tayari iko ukingoni. Hapo ndipo wengi hupoteza ndege yao ya kwanza ya bawa la chini: kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, wakiwa wamepunguza nguvu, pua imeinuliwa kidogo, bawa la ndani likaachia ghafla. Mabawa yaliyochongoka kuelekea ncha, kama ya ndege nyingi za kivita za Vita Kuu ya Pili, huachia kuanzia nchani, na ncha za modeli ni nyembamba kiasi kwamba hewa haizishiki vizuri hata usawa wa bahari.

Injini nayo inapungukiwa. Injini ndogo za methanoli hupoteza nguvu sawasawa na upungufu wa hewa, na sindano ya mafuta lazima irekebishwe. Methanoli yenyewe ni kemikali ya viwandani inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo mtu wa kawaida huku hana sababu ya kuanzia huko. Mota ya umeme haihitaji hewa ili iwake, lakini propela yake inasukuma hewa kidogo. Habari njema ni kwamba propela hiyo pia inaipa mota kazi ndogo, na nafasi hiyo inaweza kutumiwa: propela ya inchi 11 iliyopendekezwa na mtengenezaji inaweza kubadilishwa kwa ya inchi 11.5, na msukumo ukarudi karibu pale ulipokuwa. Kwenda inchi 12 ni sawa pia, mradi mkondo wa umeme upimwe kwa mita kabla ya kuruka. Kubahatisha hapo huunguza kidhibiti cha mota.

Upepo unavuta upande wa pili

Mpaka hapa mtu angesema basi, tubaki na bawa la juu. Upepo hauruhusu jibu hilo rahisi.

Nyanda hizi zina upepo wa kweli. Shamba la kwanza la umeme wa upepo nchini, Mwenga, lenye uwezo wa megawati 2.4, lilijengwa Mufindi mkoani Iringa na kuanza kazi 2020, na Makambako imekuwa ikitajwa kwa miaka mingi miongoni mwa maeneo bora ya nishati hiyo. Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati mvua zimekwisha na viwanja vimekauka, upepo wa kusini-mashariki huanza kuchangamka saa nne asubuhi, na alasiri huwa na vishindo. Karibu na miteremko ya mlima Loleza, Mbeya, au kwenye kingo za bonde la Ruaha Mdogo mjini Iringa, huja kwa mizunguko.

Katika upepo wa namna hiyo ndege ya mafunzo ina shida zake. Lile bawa lililoinuliwa ncha, linalomrudisha mwanafunzi kwenye usawa, linaitikia pia kila pigo la upepo la ubavuni, ndege ikayumba. Tumbo bapa la bawa hufanya ndege ipande yenyewe kila inapoelekea upepo, na rubani anashinda akiisukuma pua chini. Ndege ya bawa la chini yenye mzigo mkubwa kidogo wa bawa inapita katikati ya upepo huohuo bila kuhangaika. Kwa hiyo hewa nyepesi inasema subiri, na upepo unasema harakisha.

Kimbilio la kawaida ni asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka. Hewa ya baridi pia ni nzito zaidi: kati ya nyuzi 10 za asubuhi ya Juni na 24 za mchana kuna tofauti ya karibu asilimia 5, nayo ni nyongeza ya bure. Ila betri za lipo, yaani za lithiamu, hazipendi baridi. Volti hushuka haraka mota inapodai nguvu nyingi, na betri iliyolala kwenye begi usiku wa Mbeya inaweza kukata nguvu wakati ndege ndiyo kwanza inapanda. Betri zikae ndani ya koti mpaka dakika ya kuruka.

Uwanja nao una neno lake

Mjadala wa bawa mara nyingi husahau ardhi, na kwa hali ya huku ardhi ina uzito zaidi kuliko aerodinamiki yote. Ndege ndogo za Cessna Caravan zinazotua kwenye viwanja vya vumbi vya Hifadhi ya Ruaha zina bawa la juu, na moja ya faida zake ni kwamba bawa hilo linapita mbali na vichaka na mawe. Modeli ina tatizo lilelile kwa kipimo kidogo. Baada ya mvua za Novemba hadi Aprili, nyasi za uwanja wa shule zinaweza kufika magotini, na ndege ya bawa la chini inakamatwa ncha kabla gurudumu halijagusa chini. Magurudumu yake mengi yamefungwa kwenye bawa lenyewe, hivyo tuta moja linang'oa gurudumu pamoja na kipande cha bawa.

Kisha kuna mikaratusi. Ndege inayosogea mbele mita 8 kwa kila mita 1 inayoshuka, ikipita juu ya mti wa mita 10 ulio mwisho wa uwanja, itagusa ardhi mita 80 baadaye. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 100 au zaidi kidogo. Na bawa lililo karibu na ardhi huelea juu ya mto wa hewa, likikataa kukaa chini, wakati rubani anatazama goli la upande wa pili likikaribia. Kutua konakona kunaongeza mita 20 hivi, na magurudumu mawili ya mbele yenye kipenyo kikubwa pamoja na kagurudumu ka mkiani huvumilia nyasi kuliko mpangilio wenye gurudumu la puani.

Njia zinazoshindana

Msimamo wa kubaki na ndege ya mafunzo una nguvu moja kubwa, nayo ni kwamba rubani anajenga mazoea ya mikono bila kulipa gharama za anguko. Udhaifu wake hujitokeza taratibu. Ndege inayojirekebisha yenyewe inafundisha kuachia vijiti mambo yakiharibika. Anayerusha hivyo kwa miaka miwili anazidi kuzoea tabia ambayo ndege ya pili itamwadhibu kwayo.

Msimamo wa kuruka moja kwa moja hadi ndege ya kivita yenye jairo haustahili kudharauliwa kama wakongwe wanavyoudharau. Jairo za siku hizi husahihisha mapigo ya upepo kwa haraka kuliko kidole cha mtu yeyote, na kwa upepo wa Iringa huo ni msaada wa kweli. Lakini jairo haiongezi hewa. Bawa likikaribia kuachia, jairo inaweza kushusha aileroni (kibawa cha ukingo wa nyuma wa bawa) ya upande unaozama ili kuunyanyua, na kwa kufanya hivyo ikauharakisha uachie. Tena kwa wengi huficha dalili za mwanzo, ule mtikisiko mdogo na ulegevu wa vijiti, ambazo ndizo onyo pekee analopata mtu aliyesimama ardhini. Kwenye hewa nyepesi onyo hilo lina thamani zaidi.

Wa tatu wanapendekeza daraja: ndege ya bawa la chini iliyobuniwa iwe pole, yenye bawa pana lisilochongoka sana, ncha zilizoinuliwa kiasi, na uzito mdogo. T-28 Trojan ya povu yenye bawa la mita 1.1 ndiyo imetajwa zaidi katika kundi hili, na haishangazi, kwa kuwa hata T-28 halisi ilikuwa ndege ya mafunzo. Hapa hoja ni nzuri na udhaifu ni wa mfuko. Ni ndege ya pili nzima ya kuagiza na kulipia ushuru na VAT ya asilimia 18, pamoja na betri zake. Betri za lithiamu zimezuiwa kusafirishwa kama mizigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, ingawa msafiri anaweza kubeba mkononi zilizo chini ya wati-saa 100. Betri ya seli 4 na milliampea-saa 3,300 ina kama 49.

Njia ya nne haizungumzwi sana, labda kwa sababu hakuna anayeuza chochote kwayo. Ni kuibadilisha ndege ya mafunzo uliyonayo. Unapunguza mwinuko wa ncha za bawa hadi nusu, unafunga aileroni kama hazikuwapo, unahamisha magurudumu, unafundisha mikono yako kutumia ruda ya mkiani na aileroni pamoja. Ikizoeleka, unajenga bawa jipya na kiwiliwili cha fomubodi, zile karatasi ngumu zenye povu katikati ambazo wanafunzi wa usanifu majengo hutengenezea mifano yao, na safari hii bawa linakaa chini. Mota, sevo na rimoti ni vilevile. Vijiti vya mishikaki vinaimarisha viungo. Kwa boriti ya bawa, mwanzi uliokomaa, jamaa wa ule unaotoa ulanzi, hupasuka katika nyuzi nyembamba, nyepesi na zenye kustahimili. Udhaifu wa njia hii ni muda, na ukweli kwamba ndege ya fomubodi haina sura ya Spitfire. Kwa vijana wengi sura ndiyo iliyowavuta, na si jambo la kuwacheka.

Kuna hoja nyingine inayosikika, kwamba kuhamia bawa la chini ni hatua ya kuelekea ajira ya droni. Haina mashiko. Ndege za eBee zilizochora ramani ya Zanzibar ni mabawa matupu yanayojiendesha kwa mpango wa kompyuta, na Wingcopter iliyojaribiwa na DHL kupeleka dawa kisiwani Ukerewe 2018 hupaa na kutua wima. Vijiti vya mkono havikuwa kiini cha kazi zote mbili. Huu ni mchezo, nao unatosha kuwa mchezo.

Kinachopaswa kupimwa

Kwa maoni yangu, kipimo cha kuhama kisiwe idadi ya miezi wala aina ya bawa. Kiwe mzigo wa bawa na ustadi wa kutua bila mota. Mtu anayeweza kuzima mota ya ndege yake ya mafunzo ikiwa juu, akaishusha ndani ya uwanja kwa kona za kushoto na za kulia, mara nyingi mfululizo, ameshapata kile ambacho bawa la chini litamdai. Asiyeweza, jairo haitampa.

Akishafika hapo, njia ya nne kisha ya tatu ndiyo inayolingana na hali ya Mbeya na Iringa. Abadilishe ndege aliyonayo, ajenge ya fomubodi, na T-28 au mfano wake ije baadaye pesa ikipatikana. Ndege yoyote atakayochagua ibaki chini ya kilo 5 kwa mita mraba ya bawa, kwa sababu kiwango hicho kwenye hewa ya huku kinadai kasi ileile inayodaiwa na kilo 6 hivi kule pwani. Jairo iwekwe ikiwa na swichi ya kuizima, itumike siku za upepo, na izimwe asubuhi tulivu ili vidole vijifunze dalili. Ndege ya kivita yenye mabawa yaliyochongoka isubiri hata kama fedha ipo.

Upande wa sheria hauna mkanganyiko mwingi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania inasimamia ndege zisizo na rubani chini ya kanuni za 2018, na utaratibu wa vibali unapitia pia Wizara ya Ulinzi. Kwa hiyo swali la usajili liulizwe kabla ya kuagiza, na maeneo ya karibu na viwanja vya ndege vya Songwe na Nduli yasifikiriwe kabisa. Ndege yenye kishindo kikubwa zaidi inahitaji pia umbali zaidi kutoka kwa watoto wanaokusanyika kando ya goli kila inaporushwa, na hilo kwenye uwanja wa shule ni gumu kuliko kutua kwenyewe. Ambaye uwanja wake una nguzo za umeme upande mmoja na nyumba upande wa pili abaki na bawa la juu mpaka apate uwanja mwingine, hata awe na ustadi gani.